Kukiuka Hulka na Kusahauliwa: Spock na Uhura katika Star Trek

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa usawiri wa wahusika, shutuma moja hutolewa kwa wepesi sana: kwamba mhusika fulani ametenda jambo lisilo lake. Shutuma hii ina umri mrefu. Aristotle alitaka mhusika awe thabiti, na hata akiwa kigeugeu, basi ugeugeu wenyewe uwe na uthabiti. E.M. Forster, mwaka 1927, alimpima mhusika duara kwa uwezo wake wa kumshangaza msomaji na bado akaaminika. Vigezo vyote viwili vilitokana na kazi ya mtunzi mmoja, yenye mwanzo na mwisho. Tamthilia ya mfululizo ya televisheni haina sifa hizo. Hutungwa na waandishi wengi, na mhusika yule yule hupita mikononi mwa kila mmoja wao.

Makala haya yanadai kwamba kukiuka hulka peke yake si kosa la kisanaa. Kosa huanza pale kazi inapousahau ukiukaji iliouonyesha yenyewe. Dai hili linajadiliwa kwa mifano miwili kutoka Star Trek, mfululizo wa bunilizi ya kisayansi ulioasisiwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969.

2.0 Spock: Ukiukaji Unaokumbukwa

Spock ni mhusika aliyejengwa juu ya mantiki na kujizuia. Katika sehemu iitwayo "Amok Time", iliyoandikwa na Theodore Sturgeon na kuonyeshwa tarehe 15 Septemba 1967, anarusha bakuli la supu ukutani, anafoka, na anageuza mwelekeo wa chombo kinyume cha amri. Mtazamaji anaona mtu mwingine kabisa. Baadaye anaelezwa sababu: watu wa sayari ya Vulcan hupatwa kwa majira na msukumo wa kimaumbile wa kujamiiana, nao hushinda mantiki yote. Spock anapigana na rafiki yake Kirk na kuamini kwamba amemwua. Anapomwona hai, anatabasamu kwa furaha asiyoweza kuificha.

Ukiukaji huu una chanzo ndani ya hadithi, na una gharama: Spock anafichua siri ya aibu kuu ya watu wake na kumpoteza mchumba. Zaidi ya hayo, una kumbukumbu. Filamu ya The Search for Spock ya 1984 iliurejelea msukumo huo, na mfululizo wa Voyager ukaufanyia sehemu nzima mwaka 1997. Kitendo kilichoonekana kumvunja Spock kikawa nguzo ya kumwelewa yeye na jamii yake.

3.0 Uhura: Ukiukaji Unaofutwa

Wiki mbili tu baadaye, tarehe 29 Septemba 1967, ilionyeshwa "The Changeling" ya John Meredyth Lucas. Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno la Kiswahili "uhuru", anafutwa kumbukumbu zake na mashine iitwayo Nomad. Ofisa wa mawasiliano, mtu ambaye kazi yake yote ni lugha, anarudishwa kwenye masomo ya mtoto. Anapokwama katika kusoma, anasema Kiswahili, naye Muuguzi Chapel anamtaka aseme Kiingereza. Kabla ya sehemu kwisha, Daktari McCoy anatangaza kwamba mgonjwa amekwisha kufikia kiwango cha chuo na kwamba atakuwa kazini ndani ya wiki moja.

Hapa pana maswali mazito. Ikiwa kila kitu kilifutwa, Kiswahili kilisalia wapi? Huenda ni uzembe wa mwandishi. Huenda pia ni fikra ya kina kwamba lugha ya kwanza hukaa mahali ambapo maarifa ya kawaida hayafiki. Tamthilia haichagui. Kiswahili kinachukuliwa kama kizuizi cha kuondolewa ili mhusika arudi kazini. Mwanafunzi aliyepitia shule ya sekondari ambako Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia hahitaji kuelezwa somo hilo linafananaje. Baada ya hapo, mfululizo huo haukulitaja tena jambo hili. Uhura alipoteza wazazi, utoto na masomo yake, na hakuna aliyemuuliza kama vilirudi.

4.0 Pingamizi

Yaweza kupingwa kwamba televisheni ya miaka ya 1960 ilitungwa hivyo kwa makusudi: kila sehemu ijitegemee, iweze kuonyeshwa kwa mpangilio wowote. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaeleza nusu tu ya jambo. Spock na Uhura waliishi ndani ya utaratibu ule ule, msimu ule ule. Mmoja alikumbukwa, mwingine akasahauliwa. Tofauti yao imo katika daraja. Majina ya waigizaji yaliyotangulia kila sehemu ya msimu huo yalikuwa ya William Shatner, Leonard Nimoy na DeForest Kelley. Jina la Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, lilikuja mwishoni. Mhusika asiyehesabiwa kuwa na hulka hawezi kuonekana ameikiuka. Mabadiliko yake huwa tukio la kupita, mfano wa taa iliyoharibika na kutengenezwa.

5.0 Hitimisho

Mhakiki anapokutana na ukiukaji wa hulka, yafaa aulize mambo matatu: chanzo chake ni kipi, gharama yake inalipwa na nani, na kazi inaukumbuka kwa muda gani. Swali la tatu ndilo linalopuuzwa, ilhali ndilo linalofichua nani anahesabiwa kuwa mtu kamili ndani ya kazi. Mwaka 2022 mfululizo wa Strange New Worlds ulimpa Uhura familia na msiba wa kuwapoteza wazazi wake, dalili kwamba pengo lile lilihisiwa hatimaye. Wahakiki wa riwaya na tamthilia za Kiswahili nao wana kazi ya kufanya: kuwatafuta wahusika wadogo ambao waandishi waliwabadilisha ukurasa mmoja na kuwasahau ukurasa uliofuata.