Tusiwatupe makocha wa zamani, tuwape kiti cha ushauri

Tarehe 13 Mei 2018 Arsène Wenger aliiongoza Arsenal kwa mara ya mwisho, ugenini kwa Huddersfield, akashinda 1-0. Siku kumi baadaye klabu hiyo ilitangaza kwamba maneno "Visit Rwanda" yatakaa kwenye mkono wa jezi yake. Kwa maana hiyo sisi wa Kigali na yule mzee tulipishana mlangoni: sisi tukiingia, yeye akitoka.

Alitoka baada ya miaka 22, mataji matatu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Kombe la FA mara saba, na msimu mzima wa 2003/04 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Pamoja na hayo yote, miaka yake ya mwisho mashabiki walibeba mabango ya kumtaka aondoke. Wengi walidhani habari yake imekwisha. Haikwisha. Novemba 2019 FIFA ilimrudisha mpirani kama mkuu wa maendeleo ya soka duniani. Hakupewa timu wala wachezaji wa kupanga. Kazi yake ni kutazama, kuchambua, kushauri mashirikisho na kusimamia mpango wa kukuza vipaji katika nchi wanachama, nchi yetu ikiwa mojawapo.

Jürgen Klopp naye amefuata njia inayofanana na hiyo. Aliondoka Liverpool mwaka 2024 akisema amechoka, na Januari 2025 akaanza kazi Red Bull kama mkuu wa soka wa kampuni hiyo. Hakai kwenye benchi la timu yoyote. Anawashauri makocha wa klabu zao, kuanzia Leipzig hadi New York.

Msomaji ataniuliza: haya ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sisi tuna desturi nyingine. Jumapili jioni pita Nyamirambo baada ya Amavubi kupoteza mechi, usikilize vijiwe. Hoja ni moja tu: kocha afukuzwe, aletwe mwingine. Mimi mwenyewe nimewahi kulisema hilo, tena kwa sauti kubwa. Sijawahi kumsikia mtu kijiweni akiuliza: huyu anayeondoka amejifunza nini kuhusu wachezaji wetu, na nani atabaki na elimu hiyo?

Tuanze na sherehe ambayo kila Mnyarwanda mwenye umri wa kutosha anaikumbuka. Juni 2003 Amavubi waliifunga Uganda 1-0 pale Kampala. Julai wakaifunga Ghana 1-0 hapa Kigali. Mabao yote mawili yalifungwa na Jimmy Gatete, na Rwanda ikafuzu kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, zile za Tunisia mwaka 2004. Kule tulifungwa 2-1 na wenyeji, tukatoka sare ya 1-1 na Guinea, tukaifunga Kongo 1-0. Tulirudi nyumbani na pointi nne na heshima. Kocha alikuwa Ratomir Dujković, Mserbia.

Dujković akaondoka mwaka huohuo. Na ni nani aliyemchukua kabla mwaka haujaisha? Ni Ghana, hao hao aliowafunga Kigali. Mwaka 2006 aliipeleka Ghana kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, kule Ujerumani, na ikafika hatua ya 16 bora. Sisi tangu 2004 hatujaonekana tena kwenye fainali za Afrika.

Sisemi kwamba tungemfunga kamba. Kocha ni mfanyakazi, ana haki ya kutafuta malisho. Ninachosema ni kwamba alipopanda ndege alibeba kichwani mwake elimu ambayo sisi tulikuwa tumeilipia. Jinsi alivyoipanga timu isiyokuwa na majina makubwa ikamfunga mkubwa wa Afrika, jinsi alivyowaandaa vijana kucheza ugenini Kampala bila kutetemeka, mambo hayo yalikuwa mali yetu pia.

Ingekuwa mara moja tungesema ni bahati mbaya. Milutin Sredojević, tunayemwita Micho, alikabidhiwa Amavubi Novemba 2011. Aprili 2013 tukaachana naye. Mwezi uliofuata Uganda wakampa timu yao, naye akawafikisha fainali za Afrika za 2017 kule Gabon, baada ya Waganda kuzikosa tangu 1978. Johnny McKinstry tuliachana naye Agosti 2016. Mwaka 2019 Uganda wakamchukua, na Desemba ya mwaka huo akawapa ubingwa wa CECAFA. Jirani yetu amekuwa akivuna kwenye shamba tulilolilima, na hatuwezi kumlaumu, kwa sababu sisi ndio tuliolitelekeza.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Adel Amrouche. Amezifundisha timu za taifa za Burundi, Kenya na Tanzania, na Machi 2025 akakabidhiwa Amavubi. Kenya aliipa ubingwa wa CECAFA pale Nairobi Desemba 2013. Tanzania aliifikisha fainali za Afrika za Côte d'Ivoire. Nchi nne za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimemlipa mtu mmoja, kwa nyakati tofauti, ili azijue timu zao. Sidhani kama kuna ofisi katika kanda hii inayoujua mpira wetu kama anavyoujua yeye. Lakini mambo hayo yako kichwani mwa mtu, hayako kwenye kabati la shirikisho lolote.

Hapo ndipo ninapoona kichekesho cha utangamano wetu. Mpira uliunganisha kanda hii kabla ya mikataba. Marehemu Raoul Shungu, Mkongo, aliipa Rayon Sports ubingwa wa klabu za CECAFA mwaka 1998 kule Zanzibar, kisha akaenda kuifundisha Yanga ya Dar es Salaam. Wakati huo Rwanda ilikuwa bado haijaingia kwenye Jumuiya, maana tuliingia 2007, na Kongo ikaingia 2022. Kwa hiyo makocha tunagawana tangu zamani. Kile tusichogawana ni yale waliyojifunza kwetu. Kila nchi inalipa ada upya kwa somo ambalo jirani yake ameshalisoma.

Wazee walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeutupa mbachao mara nyingi mno. Tangu Micho aondoke, Amavubi wamepita mikononi mwa Eric Nshimiyimana, Stephen Constantine, McKinstry, Antoine Hey, Vincent Mashami, Carlos Alós Ferrer na Torsten Spittler, kabla ya kufika kwa Amrouche, na hapo sijawahesabu walioshika kwa muda. Kila mmoja alikuja na falsafa yake. Mmoja anataka mpira wa chini, mwingine anataka kuzuia na kushambulia kwa kasi. Mchezaji aliyedumu kwenye timu kwa miaka kumi amefundishwa kucheza kwa namna nyingi mpaka hajui ipi ni yake.

Sasa fikiria kwamba katika ofisi za FERWAFA kuna kiti kimoja cha mshauri wa ufundi, na kinakaliwa na mtu aliyewahi kuifundisha timu ya taifa. Mashami, kwa mfano, aliiongoza Amavubi kuanzia 2018 hadi 2022 na akaifikisha robo fainali ya CHAN kule Cameroon mwaka 2021. Mtu kama huyo anajua ni mchezaji gani anapotea mechi ikichezwa kwenye joto la pwani, ni klabu gani inachelewa kutoa wachezaji, ni safari gani inawachosha vijana kabla hata ya kipenga cha kwanza. Kocha mpya kutoka Ulaya atahitaji mwaka mzima kuyajua hayo. Akiambiwa siku ya kwanza, ataokoa mwaka huo. Katika mechi za kufuzu, mwaka mmoja ndio kila kitu.

Vijana ndio wanaoumia zaidi na usahaulifu wetu. Januari 2011 Rwanda iliandaa mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17, ikafika fainali na kufungwa 2-1 na Burkina Faso, kisha ikaenda Kombe la Dunia la vijana kule Mexico. Kocha alikuwa Mfaransa Richard Tardy. Ile ndiyo mara pekee wanaume wetu wamecheza Kombe la Dunia la umri wowote. Kama tungekuwa na utaratibu wa kumweka mtu wa namna ile karibu, hata kwa wiki mbili tu kila mwaka, kuwakagua na kuwashauri wanaolea watoto wa Huye, Rubavu na Nyagatare, ningetegemea safari ya Mexico iwe ya kwanza, isiwe ya mwisho.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mshauri anaweza kuwa pambo. Anapewa gari, ofisi na kadi ya kuingilia uwanjani, anapigwa picha, basi. Ni kweli, na tumewaona wengi wa aina hiyo katika kazi nyingine nyingi. Ya pili ni mbaya zaidi: mshauri anaweza kugeuka kocha wa pembeni. Anakaa jukwaani, timu ikifungwa anamnong'oneza rais wa shirikisho, na kesho yake kocha halali anakuta kikosi chake kimeshapangwa na mtu mwingine.

Ya tatu ni kwamba mzee naye hukosea. Wenger mwenyewe mwaka 2021 alilipigia debe wazo la kucheza Kombe la Dunia kila baada ya miaka miwili. Mashirikisho ya Ulaya na Amerika Kusini yalilipinga vikali na wazo likafa. Lakini mimi naliona jambo hilo kama fundisho zuri. Mshauri alishauri, wenye kura wakakataa, kazi ikaendelea. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na Wenger hakufukuzwa kwa kutoa wazo. Ushauri unatakiwa uwe hivyo: usikilizwe wote, ukubaliwe ule wenye faida.

Kwa hiyo dawa ya pingamizi hizi si kuacha kuwa na washauri, bali ni kuwawekea mipaka. Napendekeza mambo manne. Kwanza, kazi ya mshauri iandikwe kwenye karatasi: nini anakagua, kwa muda gani, na ripoti yake inafika kwa nani. Pili, ashauri kupitia kwa kocha na mkurugenzi wa ufundi, asipite mlango wa nyuma. Asihusike kabisa na upangaji wa kikosi. Tatu, mkataba wake usifungwe na muhula wa viongozi wa shirikisho, kwa sababu mshauri anayebadilika kila uchaguzi si kumbukumbu tena, ni mpambe. Nne, kila kocha anayeondoka, awe ameondoka kwa maelewano au kwa kufutwa, akabidhi ripoti ya maandishi kabla ya kupokea malipo yake ya mwisho. Mhasibu anayeacha kazi hukabidhi vitabu. Sioni kwa nini kocha wa taifa aondoke na begi tu.

La tano ni la kanda nzima. Kila mwaka CECAFA ina Kombe la Kagame, linaloitwa hivyo tangu 2002 kwa sababu ya udhamini wa Rais wetu. Klabu zinakutana, viongozi wanakutana, mawakala wanakutana. Waalikwe pia makocha wa zamani wa timu za taifa, wakae siku mbili na wale wa sasa: Jacob "Ghost" Mulee aliyeipeleka Kenya kwenye fainali zilezile za 2004, Charles Boniface Mkwasa wa Tanzania, wetu wa hapa na wenzao wa Kampala na Bujumbura. Wazungumze Kiswahili, na watakayokubaliana yaandikwe kwa Kiswahili, ili mwalimu wa mpira wa Mwanza na yule wa Muhanga wasome karatasi moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tukitumie kwa kazi.

Mwaka 2027 fainali za Afrika zinachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Zitakuwa za kwanza kuandaliwa na nchi tatu, na zitachezwa jirani kabisa na sisi. Rwanda si mwandaaji, kwa hiyo nafasi yake lazima aitafute uwanjani kama wengine. Uwanja tunao: Amahoro ulifunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. Majina ya klabu kubwa za Ulaya tunayo kwenye mikataba. Pesa hizo zote hazitamwambia kocha wetu jinsi Kampala ilivyofungwa mwaka 2003.

Wapo watu wanaoweza kumwambia, na wengine wanaishi humu humu mjini. Wanafundisha klabu, wanafanya biashara, wengine wanatazama mechi kwenye televisheni kama mimi na wewe. Hawahitaji mishahara ya Wenger. Wanahitaji kupigiwa simu, kupewa kiti mezani na kazi iliyoandikwa. Simu hiyo FERWAFA inaweza kuipiga hata wiki hii.