UNYEVU WA MBUNI: UKAE CHINI, USIKAE JUU

Ndugu mkulima,

Nimetembea miaka mingi katika mashamba ya kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro, na neno moja nalisikia kila kijiji: "Bwana shamba, mbuni wapenda maji, ndiyo maana nimeuacha mnene usikauke." Nusu ya neno hili ni kweli, na nusu yake ni hasara. Nataka kukuonyesha mpaka ulio baina ya nusu hizo mbili, kwa kuwa mavuno mengi hupotea hapo.

Maoni yangu ni haya: mbuni wataka unyevu miguuni, lakini kichwani wataka upepo. Mtu asiyetenga unyevu wa udongo na unyevu wa majani aweza kufanya kazi mwaka mzima, kisha akavuna buni nyeusi.

Tazama kwanza maua. Vichipukizi vyake hulala wakati wa ukame, vikingoja. Mvua ya kwanza iliyo nzuri huviamsha, na baada ya siku 8 hata 12 hivi mti wote huwa mweupe na kunukia kama yasmini. Baada ya siku mbili tatu maua hunyauka, na kazi kubwa ndipo huanza; maana tangu hapo mpaka buni kuiva yapata miezi 8, na katika miezi hiyo yote mti umebeba mimba. Udongo ukikauka wakati huo, buni changa hudondoka, na zile zinazosalia huwa nyepesi.

Basi, linda udongo. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba chini ya mibuni, unene wa inchi 4 hata 6. Yatandaze mvua zikiwa karibu kwisha, ardhi ingali na maji. Usingoje mpaka jua limekwisha kuyanywa. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina, ili gome lisioze.

Najua utakalosema: "Majani ya mgomba ni chakula cha ng'ombe." Ni neno la haki, nami sikuambii umnyime ng'ombe wako. Nasema hivi: kila mzigo uendao zizini na urudi kihambani kwa njia ya samadi, na majani makavu ya mgomba, ambayo ng'ombe hana hamu nayo, yabaki chini ya mibuni. Mtu achukuaye kila siku asirudishe kitu, huyo anakula urithi wa wanawe.

Kivuli nacho kiwe kwa kiasi. Mringaringa na migomba huupunguzia mbuni ukali wa jua na kuzuia upepo mkavu. Lakini kivuli kizuri ni kama jamvi lililochakaa, ambalo nuru hupenya vipande vipande. Simama shambani saa sita mchana, utazame chini. Usipoona hata kipande kimoja cha jua, kivuli kimezidi; na ukiona jua tupu, kimepungua.

Sasa tutazame kichwa cha mti. Lugha yetu huuita ukungu ule ushukao asubuhi mlimani, na tena huita ukungu kile kiotacho juu ya chakula kilicholala. Wazee hawakukosea, maana hivi viwili huandamana. Mbegu za kutu ya majani haziwezi kuota pasipo maji juu ya jani. Zikipata jani lililolowa muda mrefu, huingia kwa upande wa chini na kutoa unga wa rangi ya machungwa. Kisha jani huanguka, na mti ulio uchi hauna nguvu ya kuzaa mwaka ufuatao. Chulebuni nao hupenda baridi na maji. Huozesha buni zingali changa na kuziachia madoa meusi yaliyobonyea.

Usiyadhanie haya kuwa mambo madogo. Kutu ilionekana katika kisiwa cha Seilani, kiitwacho sasa Sri Lanka, mwaka 1869, na haikupita miaka mingi wenye mashamba wakaacha kahawa wakapanda chai. Chulebuni ulionekana mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika.

Dawa ya shaba husaidia, lakini haiwezi kufika ndani ya mti uliofungamana. Kwanza pogoa. Baada ya mavuno, kabla ya mvua, ondoa matawi makavu, yapandanayo, yaelekeayo ndani, na yagusayo ardhi. Maotea yang'oe kwa mkono yangali machanga, mara nyingi kwa mwaka.

Utaniambia, "Kila tawi ukatalo ni fedha uitupayo." Hata mimi nilisema hivyo. Mwaka mmoja niliwapogolea majirani, nikaiacha mibuni yangu, kwa kuwa nilidaiwa ada ya shule nikaona uchungu kukata matawi yenye vichipukizi. Masika yakawa marefu. Siku ya kuchuma, buni njema zilikuwa pembeni tu, mahali upepo ulipofika. Za ndani zilikuwa nyeusi. Jirani yangu, niliyemfundisha mwenyewe, alivuna vizuri, akaja kuniuliza kwa adabu, "Je, bwana shamba, wewe ulifundishwa na nani?" Sikuwa na jibu, na ada niliilipa kwa kuuza mbuzi.

Wengine husema, "Mimi nina miche mipya, hayo hayanihusu." Ni kweli, aina mpya zilizotoka Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, zastahimili kutu na chulebuni kuliko zile za zamani, kama N39 na KP423. Lakini hakuna aina iwezayo kuzaa vema katika udongo uliokauka, wala hakuna izaayo vizuri ndani ya kichaka kisichoona nuru.

Kwa hiyo, ndugu, nakupa kipimo kisichohitaji fedha. Usiku mvua ikinyesha, nenda shambani asubuhi, saa nne, jua likiwa limepanda. Tia mkono mmoja katikati ya mti: ikiwa majani ya nje yamekauka na ya ndani yangali yanadondoka maji, mti huo wataka mkasi. Mvua zikiisha, rudi tena, utie vidole chini ya matandazo: ukikuta vumbi, ongeza majani.

Fanya hivyo mti kwa mti, wala usiningoje mimi. Bwana shamba hupita mara moja kwa msimu, lakini wewe walala na kuamka karibu na mibuni yako.