Nani atatunza ndege zilizopigana Kagera?

KIJANA wa Boko, katika Manispaa ya Kinondoni, aliyezaliwa na mapenzi ya ndege hana njia nyingi za kuyakidhi. Anaweza kupanda daladala mbili au tatu, avuke jiji zima hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na kusimama nje ya uzio. Anaweza pia kusubiri sherehe za kitaifa, ndege za kivita zipite juu kwa sekunde chache na kuacha ngurumo. Akitaka kuigusa ndege ya kivita ya zamani, kuingia katika chumba cha rubani na kuelezwa ilivyofanya kazi, Dar es Salaam haina makumbusho maalumu ya ndege ya kumpeleka.

Hali hiyo inashangaza, kwani nchi hii imezijua ndege za kivita karibu tangu zilipobuniwa. Mwaka 1914 Mjerumani Bruno Büchner alikuwa na ndege yake Dar es Salaam, iliyoletwa kwa ajili ya maonesho, vita vilipozuka. Mwaka uliofuata ndege za Uingereza ziliruka kutoka Mafia kwenda delta ya Rufiji kuongoza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa Julai 11, 1915. Miaka 24 baadaye Roald Dahl, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shell jijini hapa, alikwenda Nairobi kujifunza urubani wa kijeshi kwa ndege aina ya Tiger Moth. Huko Uingereza, Tiger Moth bado zinarushwa na wapenzi wa ndege.

Lakini sura inayowahusu zaidi Watanzania ni ya baada ya Uhuru. Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia kuunda kikosi cha anga, ikaondoka mwaka 1965 kutokana na mgogoro uliohusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki. Canada ikashika nafasi hiyo kwa miaka mitano, na ndege za usafirishaji za Otter na Caribou zikaingia nchini. Kisha ikaja China na ndege za kivita zilizoundwa kwa mfano wa MiG za Kisovieti. Mtu anayetaka kueleza siasa ya kutofungamana na upande wowote bila hotuba ndefu angezipanga ndege hizo katika banda moja, na somo lingekwisha.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vilizipa ndege hizo uzito mwingine. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyolenga Mwanza iliangusha mabomu katika hifadhi ya wanyama ya Saanane, na waliouawa wakawa swala. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia Kampala, Jinja na Tororo. Entebbe ilipotekwa mwezi Aprili, baadhi ya MiG za Idi Amin ziliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Tanzania.

Kikwazo cha kwanza ni cha kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, miaka 40 kabla ya ndege ya kwanza ya injini kuruka duniani. Kwa hiyo ndege haiwezi kulindwa kwa umri wake. Inahitaji kutangazwa rasmi. Isipotangazwa, kwa mhasibu wa serikali ni mali chakavu tu, na aluminiamu ina bei.

Jeshi nalo lina hoja zake. Mabanda ya kijeshi si mahali pa kutembezea wanafunzi, na fedha za matunzo zinagombewa na mahitaji mazito zaidi. Hoja ya usiri ina nguvu kwa vifaa vinavyotumika. Kwa Caribou ya mwaka 1965 haina nguvu yoyote. Afrika Kusini ilianzisha makumbusho ya jeshi lake la anga mwaka 1973, na yaliyopo Swartkop hupokea umma bila nchi hiyo kufichua siri zake. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yameweza kuhifadhi magari ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce. Ndege inahitaji nafasi kubwa zaidi na kinga dhidi ya hewa ya chumvi, ingawa si utaalamu usiopatikana.

Kinachokwisha haraka kuliko bati ni watu. Fundi aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1979 leo amevuka 70. Yeye ndiye ajuaye kifaa gani kilifungwa wapi, kipi kilibadilishwa vitani kwa kukosa vipuri, na namba iliyofutika ubavuni ilikuwa ngapi. Mizinga ya Königsberg ilikwishatawanyika: mmoja uko Pretoria, mwingine Mombasa, mwingine Jinja. Mtanzania anayetaka kuitazama huhitaji pasi ya kusafiria.