Takataka za Thika Zilishafika Gatuanyaga, Jiji Linakuja na Nini?

Wasee, kuna mjadala unazunguka kwa vinyozi, kwa steji za nduthi na kwa magrupu ya WhatsApp: Thika ikipandishwa kuwa jiji, sisi wa Gatuanyaga tuingizwe ndani ama tuachwe nje? Kuna wanaoshangilia kana kwamba jiji ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Kuna wanaoogopa ati kanjo watakuja kuwahesabia kuku. Mimi sitazunguka mbuyu: tuingie, lakini tusiingie bure. Na kitu cha kutupa nguvu ya kuweka bei tunacho tayari. Kinanuka, kiko Kang'oki.

Kwa mwenye hajawahi kufika huku, Gatuanyaga ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Thika Mjini. Nyingine ni Township, Hospital, Kamenu na Ngoliba. Ukitoka mjini kwa barabara ya Garissa unapita Makongeni, unapita Landless, halafu pole pole magorofa yanapungua na mashamba yanaanza, na Kilimambogo unauona mbele. Kisiasa sisi ni Thika, mbunge ni mmoja. Kiutawala tumewekwa Thika Mashariki pamoja na Ngoliba. Kimaisha tuko katikati: asubuhi nduthi inakupeleka mjini kwa kibarua, jioni unarudi unapata shosho anakama ng'ombe. Ndiyo maana hili swali linauma. Hatujui vizuri sisi ni mtaa ama ni ocha.

Sasa tuongee hesabu kidogo, msiboeke. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ilikuwa inataka jiji liwe na watu 500,000. Marekebisho ya 2019 yakashusha hadi 250,000. Ndiyo mlango ambao Nakuru iliingilia tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 15, 2024. Serikali ya kaunti ya Kiambu chini ya Gavana Kimani Wamatangi imekuwa ikisukuma Thika iwe ya sita, jiji la viwanda.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 245,820 Thika Magharibi, yaani upande ulio na mji wenyewe. Toa 250,000: wanapungua 4,180. Thika Mashariki, upande wetu, walihesabiwa 38,956. Najua watu wameongezeka tangu wakati huo, na mji wenyewe ukiuhesabu kama mji ulifika 251,407 kwenye sensa hiyo hiyo. Lakini angalia vile kizingiti kilivukwa kwa watu 1,407 tu. Hiyo ni kama kupita mtihani kwa alama moja. Jiji linalopita namna hiyo haliwezi kuringa mbele ya majirani zake. Linawahitaji. (Ruiru kwa sensa hiyo ilikuwa na 490,120, zaidi ya maradufu ya 2009, lakini hiyo ni vita ya siku nyingine. Watu wa Ruiru, msinitumie matusi.)

Idadi ya watu si sharti pekee. Sheria hiyo, kifungu cha 5, inataka mji unaoomba kuwa jiji uonyeshe mambo kadhaa: mpango wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato, rekodi nzuri ya kusimamia pesa, huduma, wakazi wanaoshirikishwa, barabara, taa, masoko, vituo vya zimamoto. Halafu kuna la mwisho kwenye orodha, ambalo watu wengi hulipita mbio: uwezo wa kuondoa taka kwa njia inayofanya kazi.

Soma hilo tena polepole. Taka za Thika zinaenda wapi? Zinaletwa Kang'oki, ndani ya wadi yetu. Na si za Thika peke yake, malori yanatoka pia sehemu nyingine za Kiambu. Kwa hivyo sharti moja la kuwa jiji limekaa juu ya ardhi ya Gatuanyaga, karibu na nyumba za watu. Bila Kang'oki, Thika ingetupa taka wapi? Mezani kwa Seneti?

Hapa ndipo sikubaliani na wale wanaosema jiji "litatuletea" maendeleo, kama mgeni anayekuja na mkate. Jiji lilishakuja zamani. Lilikuja kwa lori la taka. Lilikuja pia kwa madalali wa ploti za 50 kwa 100 wanaoandika "dakika tano kutoka Thika" hata kama dakika zenyewe ni za helikopta. Kile hakijaja ni ule upande mwingine: bomba la majitaka, maji ya mfereji ya kutegemewa kila mahali, taa za barabarani, gari la taka linalosimama kwa lango lako badala ya kukupita tu likienda kumwaga za wengine. Yaani tumebeba mzigo wa jiji bila kubeba faida yake. Tukisema "hapana, tuachwe nje", mzigo hautaondoka. Taka hazisomi ramani.

Ndiyo sababu yangu ya kutaka tuingie. Ukiwa nje ya mpaka unalalamika kama jirani. Ukiwa ndani, unadai kama mwenye nyumba.

Lakini msidanganywe kwamba kuwa ndani kunatosha. Angalieni Nairobi. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulipanuliwa ukameza maeneo mengi ya pembeni, mojawapo likiwa Dagoretti, ambalo lilikuwa sehemu ya Kiambu, nchi ya mashamba. Zaidi ya miaka 60 baadaye, tembea Kawangware mvua ikinyesha halafu uniambie jiji lilifika kila mahali kwa usawa. Na dampo la Dandora? Liko ndani ya jiji kuu la nchi. Lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Watoto wa Dandora wamekua wakiwa wananchi wa jiji kamili, lenye hati na bendera, na moshi bado unaingia darasani. Kwa hivyo neno "jiji" peke yake halisafishi hewa.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Usitarajie meya wa zamani na madiwani wake. Siku hizi jiji linabaki mikononi mwa serikali ya kaunti, na linaendeshwa kwa niaba yake na bodi ya watu wasiozidi 11 pamoja na meneja. Pesa za mgao kutoka Nairobi zinaenda kwa kaunti, si kwa jiji. Siku ya kukabidhiwa hati hakuna lori la pesa linalofuata nyuma ya msafara wa rais. Kile jiji linapewa kufanya, na pesa za kukifanya, inategemea kaunti imeamua kuliachia nini. Kwa hivyo swali la "tutapata nini" halijibiwi na neno jiji. Linajibiwa na karatasi.

Na nikifika kwa karatasi, wacha niongee na wazazi wetu, maana hofu yao si ujinga. Guka mwenye ekari mbili za mahindi na miembe anauliza kuhusu kodi ya ardhi. Yuko sahihi kuuliza. Kodi hiyo kwa kawaida Kenya imehesabiwa kwa thamani ya ardhi yenyewe, si kwa kile kilichovunwa. Shamba likiingia ndani ya jiji, thamani yake inapanda kwa karatasi siku hiyo hiyo, lakini mahindi hayapandi bei kwa sababu yamekua ndani ya jiji. Asipolipa, deni linakua kimya kimya, na siku moja anakuja mtu mpole mwenye tai kumwambia auze robo ili aokoe iliyobaki. Nimeona vijana wenzangu wakisema "si auze tu, atakuwa tajiri". Manze, tajiri wa mwaka mmoja. Halafu? Shamba hilo ndilo linalolipa karo, ndilo linalouza maziwa Makongeni. Nenda Ruiru uone pale kahawa ilikuwa. Kumejengwa, kumependeza, hata Tatu City imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Lakini waliofaidika zaidi si waliokuwa wakichuma kahawa hiyo.

Kwa hivyo bei yangu ni hii, na niko tayari kuitetea kwa yeyote.

Cha kwanza kabisa ni Kang'oki, na nataka iandikwe kwa mpango wenyewe, si kwa hotuba. Tumesikia mengi kuhusu hilo dampo. UN-Habitat walishirikiana na kaunti kuleta pale mbinu ya Fukuoka kutoka Japani: unalaza mabomba chini ya taka, maji machafu yanatoka, hewa inaingia, taka zinaoza haraka na gesi mbaya inapungua. Wazo zuri, na si la gharama ya kutisha. Lakini mbinu yoyote ya dampo ni kama kufuga ng'ombe wa maziwa, inataka mtu kila siku. Tumesikia pia habari za kugeuza taka kuwa umeme. Sawa. Basi mpango wa jiji useme: kazi gani itafanyika Kang'oki, mwaka gani, kwa bajeti ya kiasi gani, na nani atapima hewa na maji ya watu wanaoishi karibu. Na useme pia taka zitapunguzwa vipi kabla hazijafika. Soko la Makongeni linatoa mboga na matunda yaliyooza kila jioni, hiyo ni mbolea inayotembezwa kwa lori kuja kuoza kwetu. Na wale vijana na akina mama wanaookota plastiki na vyuma pale, wasifukuzwe kama inzi siku ukuta utakapojengwa. Hao ndio wafanyakazi wa kwanza wa mazingira wa hili jiji, na hakuna aliyewaajiri.

Pili, shamba linalolimwa litozwe kama shamba, hata likiwa ndani ya mpaka, mpaka siku mwenyewe atakapoamua kubadilisha matumizi yake. Kuku na ng'ombe vivyo hivyo.

Maji na bomba la majitaka sitaandika mengi, kila mtu anajua. Ploti zinajengwa kila wiki, kila moja na shimo lake la choo, na jirani na kisima chake hatua chache kutoka hapo. Hiyo hesabu haihitaji injinia.

Sasa, hii safari ina vituo, na kila kituo kina mlango. Sheria inataka kamati maalum yenye watu kama wapima ardhi, wapangaji miji, wasanifu majengo, mawakili, wahasibu na wafanyabiashara. Ripoti yao inaenda bunge la kaunti, halafu Seneti, halafu rais ndiye hutoa hati. Katiba, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma. Na hata baada ya hati kutolewa, sheria ya miji inawapa wakazi haki ya kukutana, kujadili huduma na bajeti, na kupeleka mapendekezo kwa bodi.

Shida ni kwamba tunajua mikutano hii inavyokaa. Inaitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Wanaofika ni wazee watano, akina mama wa chama, na wale wanaokuja kwa sababu ya soda na nauli. Vijana tuko kwa simu tukichekelea video ya mkutano huo huo jioni. Halafu kwa ripoti inaandikwa "wakazi walikubali". Wakazi gani? Mnakumbuka Juni 2024 vile kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani na kwa TikTok, mpaka ukaondolewa? Mpango wa jiji la Thika nao unagusa choo chako, maji yako na shamba la guka wako.

Huna haja ya kusimama na kushika maikrofoni kama unaona haya. Unaweza kuandika barua. Ukurasa mmoja, jina la kijiji, mnataka nini, sahihi za watu. Peleka kwa ofisi ya wadi na kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala yako igongwe muhuri siku uliyoipeleka. Huo muhuri ni muhimu kuliko "likes" mia tano, kwa sababu ukipuuzwa, ndio utakaoenda nao mahakamani.

Ya kwangu nimeanza kuiandika na wenzangu wa huku. Haianzi na salamu ndefu. Mstari wa kwanza unauliza: ni ukurasa gani wa mpango wa jiji unaotaja Kang'oki, na kiasi gani kimeandikwa mbele yake? Mko na la kuongeza, wekeni chini hapa, tunaichapisha Jumamosi.