Jina la Mtoa Taarifa ni Amana

 

Ndugu zetu katika imani, waumini wengi hutuuliza swali ambalo juma hili tumeona tulijibu hapa. Mtumishi akimwona mkubwa wake anakula mali ya umma, kisha akaenda kusema, je, atakuwa amesengenya? Na je, yeye na watu wa nyumbani kwake watabaki salama?

Sehemu ya kwanza ya swali wanazuoni wameshaijibu. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshitaki dhalimu mbele ya mwenye mamlaka, na mtu kuomba msaada wa kuondosha munkari kwa yule anayetarajiwa kuwa na uwezo wa kuuondosha. Mzani umo humo. Aliyekwenda kwa mwenye uwezo ametekeleza wajibu. Aliyelimwaga jambo barazani au katika makundi ya simu, bila ya hakika, ana hesabu nyingine mbele ya Mola wake.

Sehemu ya pili ya swali haimhusu msemaji peke yake. Inamhusu zaidi anayeipokea taarifa. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kwa hiyo mpokeaji ana haki mbili mikononi mwake kwa wakati mmoja: haki ya mtuhumiwa na haki ya mtoa taarifa.

Haki ya mtuhumiwa tunajifunza kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.), hata wakadai kwamba hasalishi vizuri. Umar alimwondoa, akamweka Ammar bin Yasir (R.A.). Hata hivyo hakuhukumu kwa tuhuma tupu. Alimwita Saad, akamweleza alilotuhumiwa na akasikiliza jawabu lake. Kisha akatuma watu hadi Kufa, wakauliza msikiti baada ya msikiti. Wengi walimsifu, na mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs akamtuhumu. Umar alipokuwa anakaribia kufa alimtaja Saad miongoni mwa wale sita wa shura, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Namna hii aliyechunguzwa alirudishiwa heshima yake hadharani.

Haki ya mtoa taarifa nayo tunaijua thamani yake pale ilipopotea, kwa majirani zetu wa Kenya. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona kampuni ya Goldenberg ikilipwa fedha nyingi mno kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika mpango uliotoa fidia ya asilimia 35, ilhali Kenya haikuwa na madini hayo kwa kiasi hicho. Nyaraka alizozitoa zilifika kwa wabunge wa upinzani. Dola ilianza kwa kumtafuta aliyesema, kabla ya kuyatafuta yaliyosemwa. Mwaka 1993 alikamatwa na kushitakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashitaka yaliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alikwenda Mombasa, akasilimu na kuoa huko. Tume ya kuchunguza kashfa hiyo iliundwa mwaka 2003, na Munyakei akafariki mwaka 2006 katika umasikini. Maneno yake yalithibiti, naye alikuwa amekwishaadhibiwa, yeye na ahli zake.

Hapa kwetu Tanzania ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema na kwa maslahi ya umma, asifukuzwe wala asinyanyaswe kwa sababu hiyo. TAKUKURU nayo hupokea taarifa za rushwa kwa simu ya bure namba 113. Lakini sheria haina ulimi wala macho. Aliye navyo ni mtumishi anayelifungua faili.

Mtumishi huyo akimcha Allah, barua iliyoandikwa kwa mkono hataionesha kwa mtuhumiwa, kwani mwandiko ni jina. Akitaka hati moja, ataomba mafaili ya mwaka mzima, ili isijulikane ni ipi iliyosemwa. Atatafuta ushahidi unaosimama wenyewe, katika risiti, vitabu vya benki na mikataba, ili shauri lisimwegemee msemaji. Mtuhumiwa ataambiwa tuhuma, wala hataambiwa nani aliyeileta, na atapewa nafasi ya kujibu. Na mchunguzi mwenye udugu, biashara au uadui na yeyote kati yao atajitoa.

Nasi wasemaji tuna wajibu wetu. Tuseme tulichokiona, tarehe na mahali, na tutenganishe yakini na dhana. Tukishakisema kwa mamlaka, tusikirudie sokoni, kwani siri haivujishwi na ofisi peke yake; mara nyingi mwenye siri ndiye wa kwanza kuivujisha. Wake na waume nao wayahifadhi wanayoyasikia chumbani, kwani neno moja likitoka nje laweza kukata riziki ya watoto.

Amana haiishii kwenye fedha. Jina la mtu aliyekuja kwako usiku kwa kukuamini ni amana, na heshima ya mtu ambaye tuhuma yake haijathibiti ni amana pia. Atakayeipoteza mojawapo ataulizwa, hata kama hakula senti.

Tunamuomba Allah awape wachunguzi wetu uadilifu, awahifadhi wanaosema kweli, na atuepushe na ulimi wa uzushi. Amin.