Karama bila maiki

Wasee, tuongee ukweli. Kanisani kwetu hapa Ukunda ukisema "karama", watu wanafikiria kuimba, kuhubiri na kutabiri. Yaani kitu chochote chenye maiki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kuimba siwezi, na nikiitwa mbele kuomba nakauka. Nikajiambia basi, Mungu alinipita tu.

Lakini soma 1 Wakorintho 12:28 polepole. Paulo anataja mitume, manabii, walimu, miujiza, kuponya, halafu kwenye orodha hiyo hiyo anaweka masaidiano. Kusaidia watu tu! Na lugha zimekuja mwisho kabisa.

Mwaka 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wazee wetu walikwama. Wengi wana kabambe, na ile menyu ya *147# inawachanganya. Jumapili moja baada ya ibada nikamsajili nyanya mmoja. Wiki iliyofuata akaja na jirani yake, mama Muislamu mwenye kliniki Msambweni.

"Mjukuu wangu, na huyu je?"

Ningesema nini? Nikamsajili pia. Siku hizi nakaa nje na simu yangu mpaka foleni iishe. Hakuna anayepiga makofi, na kusema kweli mwanzoni iliniuma.

Kwaya tunaihitaji, sipingi. Ila Jumapili hii angalia nani amekwama na jambo ambalo wewe unaliweza kwa dakika kumi. Anzia kwake, hata kama si wa kanisa lenu.