Programu ni bure, lakini bando nani atalipa?

Uko Machakos na laptopu ya mtumba yenye Windows, unajifunza Python. Unaandika amri ya kusakinisha maktaba fulani, unangoja, halafu skrini inajaa maandishi mekundu. Mwishoni unaambiwa inatakikana Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni virusi.

Maana yake ni kwamba sehemu ya hiyo maktaba imeandikwa kwa C, na hakuna aliyekuwekea ikiwa tayari kwa toleo lako la Python. Kwa hivyo mashine yako inafaa kuikompaili yenyewe. Lakini Windows haiji na kompaila! Unatumwa ukachukue Build Tools, na sehemu ya C++ pekee ni gigabaiti kadhaa. Kwa bando ya simu, hiyo ni pesa ya unga. Stima ikipotea katikati, hiyo ni stori ingine.

Najua watu wa Linux watasema nihamie Ubuntu, niandike build-essential, mambo yaishe. Ni kweli, huko mzigo ni mdogo sana. Lakini laptopu nyingi mtaani zinatumiwa na nyumba nzima, na si wewe peke yako unayeamua.

Tunajivunia Ushahidi, programu huria iliyozaliwa hapa Kenya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ikatumika hadi Haiti kwenye tetemeko la 2010. Sawa. Ila msimbo kuwa wazi hakunisaidii kama siwezi kuujenga kwa mashine niliyo nayo.

Kabla uchome bando, jaribu toleo la Python lililotangulia hili jipya. Mara nyingi shida ni hiyo tu, maktaba bado hazijatayarishiwa toleo jipya. Ikikataa, kisakinishi cha Build Tools kina chaguo linaloitwa layout: unapakua faili zote mara moja, unaziweka kwa diski, kisha unasakinisha bila intaneti. Mbona vituo vya Ajira Digital na cyber zetu zisiwe na diski kama hiyo, mtu aje na laptopu yake asakinishiwe?

Yangu iko kwa hadi diski kuukuu. Ishafika Mlolongo na kurudi, na sasa kuna jamaa wa Kathiani anaingoja.